Kuokoa mbao sio kutibu msitu

Kila zikizunguka zile picha za milima ya Canada, misonobari imegeuka myekundu bonde hadi bonde, lazima atokee mtu aseme "wakate yote fasta wadudu wasisambae", na wenzake wanaitikia eti ndo ukataji wa uokoaji huo. Jamani hapana. Ukataji wa uokoaji ni kukata miti iliyokwisha kufa au inayokufa, iwe kwa wadudu, upepo au moto, ili upate mbao kabla hazijaharibika. Basi. Kinachookolewa ni mbao na hela.

Kukata mti ambao mdudu bado yumo, ili afe humohumo, hiyo ni kazi nyingine, tuiite ukataji wa kudhibiti, na hapa ndo watu wanachanganya mambo.

Chukua British Columbia, jimbo la magharibi mwa Canada. Kuna mbawakavu wa msonobari, kadogo kama punje ya mchele, anaruka kiangazi, mwezi wa saba wa nane hivi, anatoboa gome anataga chini yake, na anakuja na ukungu wake wa bluu unaoziba njia za maji ndani ya mti. Mabuu yanakaa humo msimu wote wa baridi, na muda wote huo mti kwa macho bado wa kijani! Wekundu unakuja mwaka unaofuata, na ukikolea wadudu wapya wengi wao washatoka wako kwa jirani, halafu miaka kama mitatu hivi majani yanadondoka mti unabaki kijivu. Kwa hiyo huo mwekundu unaoupigia kelele, mdudu mwenyewe keshaondoka.

Ndo maana kule Alberta, jimbo jirani, mdudu alipovuka milima ya Rocky kwa wingi mwaka 2006, timu za kudhibiti ziliuchukua mti mwekundu kama alama tu, wanauona, wanakwenda kukagua ya kijani iliyo karibu nao, wanatafuta matundu na utomvu uliovuja kwenye gome, wenye mdudu unakatwa na kuchomwa kabla kiangazi hakijafika. Mti mmoja mmoja, kwenye theluji. Mfanyabiashara wa mbao hapo hana chake.

British Columbia huko ilishindikana, mlipuko wa wadudu ulianza miaka ya 1990 ukaja kugusa zaidi ya hekta milioni 18, na baridi ya kukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri iliyokuwa ikiwaua mabuu zamani ikawa adimu. Serikali ikapandisha kiwango cha miti inayoruhusiwa kukatwa, chenso zikalia, viwanda vikapasua mbao za bluu (ni rangi tu, mbao nzima) kwa haraka maana mti mfu ukikauka sana unajipasua wenyewe. Sio dhambi, watu walikula. Ila humohumo ikakatwa na miti hai ya aina nyingine pamoja na michanga iliyokuwa inakuja chini, ambayo ndo ingekuwa msitu wa kesho, na mifu yenye faida ilipopungua kiwango kikashushwa, viwanda vikaanza kufunga.

Sasa ukiona wanafyeka msitu wa kijivu, sema tu wanaokoa mbao, hakuna atakayekulaumu. Ukitaka kusema wanazuia wadudu, uliza kwanza kama kwenye hayo magogo kuna mdudu hata mmoja aliyebaki.