Sivi jointi ikishalia, grisi haiiponyi

Jumamosi kijana mmoja aliniletea gari la Toyota Probox kutoka Kisauni, Mombasa. Kila akikata kona, gurudumu la mbele la kushoto lalia tak-tak-tak. Hiyo ni sivi jointi, kiungo kwenye ncha ya shafti, ile fimbo ya chuma inayotoka giaboksi kulizungusha gurudumu, hata likiwa limepinda. Hata sijainama kutazama, ashaniambia: "Fundi, wewe nitilie grisi na raba mpya tu, hiyo kelele itakwisha." Huyo ni wa nne mwezi huu. Kwa hivyo naandika leo, na wa tano nimpe asome.

Raba, kile kifuko chenye mikunjo kinachoifunika jointi, ilikuwa imepasuka kwenye mkunjo, na grisi yote imerukia ndani ya rimu. Iliyobaki ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukiifikicha baina ya vidole inakwaruza. Mchanga huo. Jointi ya nje, ya upande wa gurudumu, ina gololi 6, kila moja na mfereji wake wa kukimbilia. Nilipangusa mfereji mmoja, nikamwambia apitishe ukucha polepole. Ukucha ukakwama. Palikuwa na kishimo kama punje ya mtama, pale pale gololi inaposhinda gari likienda moja kwa moja. Ukikata kona gololi hutoka kwenye kishimo na kugonga ukingo wake, na kugonga huko ndiko kunakosikika. Sasa niambieni, grisi itakijaza vipi kishimo cha chuma?

Nisiwafiche, nimeona grisi ikiinyamazisha jointi iliyokwisha. Mara nyingi ni wiki mbili tatu. Gari moja lilikwenda karibu mwaka mzima, na mwenyewe mpaka leo ananitajia. Mimi siwezi kutazama gari nikakuahidi kwamba lako litakuwa kama lile. Ninachojua ni kwamba kishimo hakipungui, na jointi ikivunjika injini itanguruma na gari halitasogea, pengine ukiwa katikati ya daraja la Nyali saa kumi na mbili jioni na foleni yote nyuma yako.

Grisi na raba vina wakati wake, nao ni kabla ya kelele. Raba imepasuka, jointi bado kimya: hapo fungua, osha kwa mafuta ya taa mpaka chuma king'are, kausha kabisa, pitisha ukucha kwenye mifereji yote 6. Ikiwa laini, jaza grisi nyeusi yenye molibidenamu, ile ya jointi hasa. Ya beringi, ile watu waliyobakisha kwenye kopo, siyo.

Tena usikimbilie kubadilisha shafti nzima na jointi zake kwa kila kelele. Tak-tak kwenye kona ni jointi ya nje. Gari likitetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, shuku jointi ya ndani, ya upande wa giaboksi. Mvumo unaopanda na mwendo mara nyingi ni beringi ya gurudumu, na mlio wa kugonga mmoja mmoja kwenye mashimo ya barabara nautafuta kwanza kwenye bolu jointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu chini.

Kununua shafti: vitabu vitakwambia chukua mpya. Kwa Toyota, mimi huchukua ya mtumba kutoka Japani yenye raba nzima kuliko mpya ya bei ya chini, ingawa mtumba pia umewahi kunirudisha dukani. Nenda na shafti yako ya zamani. Hesabu meno pande zote mbili, pima urefu, tazama kama ina pete ya ABS, ile ya breki zisizokwama.

Kazi yenyewe ya kubadilisha shafti nyumbani ni asubuhi moja. Legeza nati kubwa ya katikati gurudumu likiwa bado chini na mtu amekanyaga breki. Uani kwetu ni mchanga, kwa hivyo jeki iwekee ubao mnene, kisha weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Achanisha bolu jointi, sukuma shafti itoke kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Magari yanayolala karibu na bahari, Nyali na Bamburi, meno hushikwa na kutu. Rudisha nati ya zamani usawa wa ncha ndipo ugonge, la sivyo utaharibu nyuzi. Upande wa giaboksi tumia mtaimbo. Ukivuta kwa kushika shafti, jointi ya ndani itaachana mkononi. Weka karai, oili itamwagika. Sili ya giaboksi inatakiwa mpya kila mara. Mimi nikiiona kavu na laini huiacha, na mara mbili nimejuta.

Nati iwe mpya. Corolla nyingi za miaka ya 2000 zataka mkazo wa niutoni-mita 216, na hapo "nimeikaza kwa nguvu zangu zote" si kipimo. Tafuta cha gari lako, uazime spana ya kupimia mkazo. Wala usilisukume gari hata hatua moja kabla nati haijakazwa, maana uzito utaiua beringi. Maliza kwa kurudisha oili ile ile ya aina ya giaboksi lako.

Yule kijana alinunua shafti. Nilipogeuza usukani kutazama upande wa kulia, raba ilikuwa na nyufa nyembamba kwenye mikunjo, grisi bado nyeusi, mifereji laini. Huko nikamtilia grisi na raba mpya, kama alivyotaka.