Kunona si kupona

Wiki iliyopita nimeambiwa tena kwamba aliyenona amepona. Wifi ya mgonjwa wangu wa huzuni (sonona) aliingia nyuma yake, hata hajaketi, akamwonyesha kwa mkono kama anayenadi mbuzi: "Muganga, angalia vile amenona! Huyu amepona. Dawa tuliacha."

Mliacha lini? Wiki tatu. Analala? Kimya. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anachezea ncha ya kikwembe, macho mekundu. Sambaza zake, wale samaki wadogo, hajakwenda kuziuza kwenye soko la Kadutu tangu siku ya nne bila kidonge. Fishi yake, yaani kadi ya matibabu, ya miezi minane iliyopita inasema kilo 51. Mizani ilisema 66.

Ninaelewa inakotoka. Hapa Bukavu, Kongo, aliyekonda anadaiwa maelezo: ni njaa, ni ukimwi, ni bwana anayemtesa. Aliyenona haulizwi kitu, anapongezwa. Kwa hiyo mashavu yakijaa, jamaa inafunga kesi. Na mimi nimeshiriki: mara ngapi nimesema "Mama, umependeza!" kabla ya kuuliza kama analala?

Kilo ziko za aina mbili, na hapa ndipo ninapochoka kueleza. Huzuni ya ugonjwa mara nyingi inakata hamu ya chakula. Mtu akianza kupata nafuu anakula, na kilo alizopoteza zinarudi. Hizo ni zake, na kwa kawaida zinasimama karibu na pale alipokuwa zamani. Kilo za dawa hazijui mpaka. Amitriptilini, ambayo ndiyo aliyokuwa anameza, inafunga vipokezi vya histamini kwenye ubongo, na histamini ni mojawapo ya sauti zinazomwambia mtu "tosha". Ikinyamazishwa, mtu anaamka saa nane ya usiku anatafuta bugali baridi kwenye sufuria. Juu ya hapo dawa inakausha mdomo, na mdomo mkavu hapa kwetu unatibiwa kwa Fanta.

Nani hasadiki, aende sokoni. Vile vidonge vya kunenepesha wanavyomeza wasichana ili kikwembe kishike vizuri nyuma, mara nyingi ni siproheptadini au deksametasoni. Siproheptadini ni dawa ya mzio, inafunga histamini hiyohiyo. Mbona msichana yule hamsemi kwamba amepona? Amepona nini?

(Na kilo hizo za amitriptilini kwa kawaida si maji. Kila mwezi kuna anayeniambia ni maji yamejaa.)

Sasa, kwa huyu mama, kilo zake ni ngapi na za dawa ni ngapi? Vitabu vinasema linganisha na uzito wa kabla ya ugonjwa, kana kwamba kila mtu ana mizani chumbani. Mimi ninauliza nguo. Alisema blauzi aliyoshona kwa ubatizo wa mtoto wa pili ilikuwa inafunga vizuri. Sasa vifungo viwili haviingii. Nikakisia kumi zake, tano za dawa. Nimekisia tu, na ninaweza kuwa nimegeuza.

Vitabu vinasema pia mgonjwa afanye mazoezi. Mtu anayepanda Kadutu kila siku na beseni kichwani? Nilimwambia aache soda, apunguze sukari kwenye chai, basi.

Kuhusu kuacha dawa nitasema haraka kwa sababu nimeshasema mara mia: dalili ziishe, kisha hesabu miezi 9 hadi 12, ndipo kupunguza polepole, kwa wiki nne au zaidi. Ukiikata ghafla, siku za kwanza ni kukosa usingizi, kichefuchefu, jasho, hasira. Ugonjwa wenyewe unaweza kusubiri wiki au miezi, urudi wakati hakuna anayekikumbuka tena kidonge. Ndiyo maana jamaa zinaapa kwamba dawa haikuwa na kazi.

Mbona sikumpa floksetini, dawa nyingine ya huzuni, tangu mwanzo? Mara nyingi inapunguza hamu ya chakula wiki za kwanza, ingawa wengine wananenepa baadaye. Nilimpa amitriptilini kwa sababu alikuwa halali kabisa, nayo inalaza, na kwa sababu ndiyo iliyokuwa kabatini siku ile. Sababu ya pili ilikuwa na uzito kuliko nilivyokiri wakati ule.

Safari hii nimemwandikia floksetini miligramu 20, asubuhi, arudi baada ya wiki mbili. Usingizi unanitia wasiwasi, huenda nitajuta. Nimemwomba wifi yake amhesabie vidonge, na asiniletee tena habari za mashavu: aniambie kama amelala, kama amekwenda sokoni, kama ameongea na watoto.

Aliitikia vizuri. Mgonjwa akatangulia kutoka, yeye akabaki mlangoni, akashusha sauti: "Muganga, na ile ya zamani, ile ya kunonesha... mimi huwezi kuniandikia?"

Nimekataa. Ikizidi, ile inasimamisha moyo. Aliondoka akiniona mchoyo.