Je, wajua kwa nini kiwanda humlipa mwenye duka kwa bidhaa ambayo hakuiuza?

Mwishoni mwa mwaka 1998 kampuni ya Levi Strauss ya San Francisco, Marekani, ilianza kuuza suruali zake za jinzi kupitia tovuti yake yenyewe, huku ikiwakataza wenye maduka waliozinunua kwa jumla wasiziuze mtandaoni. Mwaka mmoja baadaye ilitangaza kwamba inaacha, na mauzo hayo ikawaruhusu wenye maduka makubwa J.C. Penney na Macy's, yaani walewale iliokuwa imewafungia mlango. Mwaka huohuo wa 1999 Home Depot, kampuni ya maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, iliwaandikia barua wauzaji zaidi ya 1,000 wanaoiletea bidhaa, ikiwakumbusha kwa adabu isiyoficha kitisho kwamba wakiamua kuuza wenyewe mtandaoni, nayo ina haki ya kuchagua wa kufanya naye biashara.

Mwenye mali anamwogopaje mchuuzi wake? Jibu limo katika kazi ambayo duka huifanya bila kuandikwa kwenye risiti. Mteja huingia, hujaribu suruali tatu, humuuliza mhudumu kama kitambaa kitasinyaa kikifuliwa, kisha hutoka na kwenda kuagiza mtandaoni kwa bei pungufu. Pango, umeme na mshahara wa mhudumu vimelipwa na mwenye duka, lakini mauzo yamekwenda kwingine; na wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao wateja wao hupiga picha kiatu kisha wakakitafute kwenye simu, hawahitaji kuelezwa zaidi. Hali hiyo ikizoeleka, mwenye duka hupunguza wahudumu au huisogeza bidhaa rafu ya nyuma, na hapo mauzo ya mtandaoni nayo huathirika, kwa kuwa wapo wanunuzi wasionunua wasichokigusa.

Ethan Allen, watengenezaji wa samani, walilishughulikia jambo hili kwa namna ninayoiona ya busara kuliko marufuku. Walipoingia mtandaoni waliwaahidi wenye maduka yenye leseni yao sehemu ya kila mauzo: asilimia 25 ya bei pale duka linapofikisha samani kwa mteja na kuzihudumia, na asilimia 10 hata pale mzigo unapotoka kiwandani moja kwa moja hadi nyumbani kwa mteja wa eneo lile. Hiyo asilimia 10 ndiyo inayoshangaza wengi, ingawa si sadaka, bali ni malipo ya kochi lililokaliwa na kujaribiwa dukani.

Kuna sababu nyingine isiyohusu hesabu. Mwaka 1982 Werner Güth na wenzake wawili nchini Ujerumani waliwapa watu fedha wagawane: mmoja anapendekeza mgawo, mwingine anakubali au anakataa, na akikataa wote wanakosa. Baadhi ya waliopewa sehemu ndogo mno waliikataa, wakaona heri kukosa kuliko kudhulumiwa. Mwenye duka naye ni binadamu. Akiona kiwanda kinajilimbikizia faida, atapandisha bei ya rejareja hata kama atauza kidogo, ili mradi kiwanda nacho kiumie.

Kigumu ni kujua mauzo yapi yametokana na duka lipi. Kigezo cha eneo ni chepesi, lakini mteja akijaribu kochi Boston na kuagiza lipelekwe Chicago, mgao humwendea mwenye duka ambaye hajawahi kumwona.