Je, wajua? Kwa nini Rwanda bado inaendesha kulia?

Ukitoka Dar es Salaam na lori la mzigo wa Kigali, unashika kushoto safari nzima mpaka Rusumo. Ukishavuka mto Kagera, unahamia kulia. Usukani wako uko pale pale, mkono wa kulia, ila sasa dereva umekaa upande wa ukingo. Mbele yako lori jingine linapanda mlima kwa kujikongoja. Ukitaka kulipita huoni kinachokuja, inabidi umuulize utingo: "Kweupe?" Akikosea, mmekwisha.

Haya ni mabaki ya ukoloni. Wabelgiji waliiacha Rwanda ikiendesha kulia, kama Burundi na Kongo. Waingereza wakaziacha Tanzania, Kenya na Uganda kushoto. Rwanda ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wazo la kuhamia kushoto likafika serikalini na kuanza kupimwa.

Kuhama kunawezekana. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia Jumapili, Septemba 3, 1967. Saa 10:50 alfajiri magari yaliyokuwa barabarani yalisimama, yakavuka taratibu upande wa pili, yakasubiri hadi saa 11 kamili, yakaendelea na safari. Na hao ni watu ambao katika kura ya maoni ya 1955 asilimia 83 walikataa!

Ila Wasweden walikuwa na jambo moja lililowabeba: magari yao mengi tayari yalikuwa na usukani kushoto. Yaani nchi nzima ilikuwa ikiishi na shida ya yule dereva wa Rusumo, na kuhama kukaiondoa. Kazi kubwa ilikuwa kwenye mabasi. Mlango ukibaki ulipokuwa, mama mwenye mtoto mgongoni anashushwa katikati ya barabara. Mabasi mengi yalitobolewa milango upya. Miji ya Göteborg na Malmö ikayauza ya kwake Pakistan na Kenya, kwenye nchi za kushoto. Taa nazo zilibadilishwa, maana taa za chini hutengenezwa zimulike ukingo. Ukihama nazo vile vile, unampofusha anayekuja.

Samoa ilikwenda kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, Septemba 2009, ili wananchi wapate magari nafuu kutoka Japan, Australia na New Zealand. Hoja hiyo inaigusa Rwanda pia, kwa sababu magari ya mtumba ya Japan yana usukani kulia.

Hata hivyo, naona Rwanda isihame sasa. Magari yake mengi yana usukani kushoto. Ikihama, kila moja litageuka kuwa lile lori la Rusumo. Halafu Burundi na Kongo zitabaki kulia, na kubadilishana upande kutahamia kwenye mipaka hiyo. Fedha za kuhama heri zijenge njia ya ziada ya malori kwenye milima ya kutoka Rusumo, dereva apite mwenzake bila kumuuliza utingo.