Je, wajua kwa nini mtoto hulia ndege ikishuka, wala si ikipaa?

Mtu wa Tanga aliyewahi kushuka kutoka Lushoto anaijua hali hii. Gari likishapita Soni na kuanza kuzifuata zile kona za kwenda Mombo, masikio yanaziba. Kondakta anaongea, wewe unaona midomo tu inacheza. Unameza mate, sikio linalia "pu!", sauti zinarudi. Na ile chupa ya maji uliyoimaliza huko juu ukaifunga kifuniko, ukifika chini unaikuta imebonyea, utadhani kuna mtu kaikalia.

Kilio cha mtoto kwenye ndege kinatokana na hayo hayo, ila yamezidi kipimo. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndege za masafa marefu huruka mita 10,000 hadi 12,000, ambako hewa ni nyepesi mno kwa binadamu, kwa hiyo mitambo huishindilia hewa ndani ya ndege. Lakini haishindiliwi mpaka ikafanana na ya Tanga mjini. Inaachwa iwe kama ya mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400. Yaani abiria amekaa kitini kwake juu kuliko Lushoto, halafu kwa muda wa nusu saa hivi anateremshwa mpaka pwani.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kichumba chenye hewa. Mlango wake ni mmoja tu: mrija mwembamba unaokwenda kutokea nyuma ya pua, karibu na koo. Wataalamu waliuita kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu Mwitaliano wa karne ya 16. Muda mwingi mrija huo umejifunga, na hufunguka tunapomeza au kupiga miayo.

Sasa chukua valvu ya baiskeli, kifaa ambacho hapa Tanga hakihitaji kutambulishwa. Valvu hukubali upepo uingie, hukataa usitoke. Mrija wa sikio ni kinyume chake: kutoa hewa ni rahisi, kuingiza ndiyo shughuli. Ndege ikipaa, hewa ya ndani ya sikio hutanuka na kujitokea yenyewe, mtoto anaendelea kuchezea mkanda wake. Ikishuka, hewa ya nje inazidi uzito, inaisukuma ngoma kwa ndani, na papo hapo inaubana mrija ule ule uliotakiwa kuleta nafuu. Panauma. Mtu mzima naye panamuuma, ila yeye anajua kumeza mate akanyamaza.

Mtoto mdogo ana hasara zaidi. Mrija wake ni mfupi, mwembamba, na umelala. Wa mtu mzima umeinama kwa nyuzi 45 hivi. Wa mtoto mchanga ni kama nyuzi 10 tu, mfano wa mlizamu uliofungwa na fundi mvivu, maji yakituama hayaondoki. Akiwa na mafua ndiyo kabisa, uvimbe na kamasi vinaumalizia. Huo mrija haufanani na wa mkubwa mpaka afike miaka 7 hivi.

Desemba moja dada yangu alikuja kutoka Toronto na wanawe wawili, mmoja wa miaka 6, mwingine wa miezi 10. Mdogo alilala fofofo mpaka ndege ilipoanza kushuka Dar es Salaam, akaamka na ukelele uliogeuza shingo za abiria. Akapewa mdoli, akapewa simu, akaimbiwa. Wapi! Dada aliposimulia hayo nyumbani Chumbageni, mama, ambaye hajapanda ndege maishani mwake, aliuliza tu: "Sasa mwanangu, ziwa hukumpa?"

Mama alipatia. Kunyonya ni kumeza mfululizo, na kila mmezo unafungua mrija kidogo. Ziwa, chupa, hata kikombe cha maji, vyote vinafaa. Ila kuna la kuzingatia hapo: tofauti ya hewa ikishakuwa kubwa, misuli inayofungua mrija haina tena nguvu ya kuushinda mkandamizo. Ndiyo maana kumngoja mtoto aanze kulia ni kuchelewa. Na aliyelala humeza mara chache, kwa hiyo aamshwe ndege inapoanza kuteremka, hata kama roho inakuuma kumkatiza usingizi ulioutafuta saa sita nzima. Mkubwa kidogo anaweza kumung'unya pipi au ubuyu. Mdogo usimpe, kokwa itamkaba. Mwenye mafua makali au sikio linalouma aonwe na daktari kabla ya safari. Kilio chenyewe nacho husaidia kiasi, kwa kuwa anayelia hupanua taya na kumeza. Waliogeuza shingo wangejua hilo, pengine wangetazama mbele.

Tumbo nalo lina yake. Kwa hewa ya mita 2,400, gesi iliyomo tumboni hutanuka kwa karibu theluthi moja, kama pakiti ya krispi inavyovimba. Mtoto aliyenyonya bila kubeua atalitangaza hilo.

Masikio yalitulia siku ile ile. Usiku ndio uliokuwa na mambo. Saa nane, Chumbageni yote kimya, watoto wanafukuzana na paka ukumbini. Desemba Toronto iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni, wakati wa chakula. Ubongo una saa yake, nayo husogea taratibu, takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Kinachoisogeza zaidi ni mwanga wa jua.

Mjomba akashauri wapelekwe ufukweni asubuhi na mapema wapigwe na jua. Nia njema, ushauri kombo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yetu, miili yao ilikuwa bado saa nne na nusu usiku, na mwanga wa wakati huo huiambia saa ya mwili kwamba jioni bado haijaisha, kwa hiyo huichelewesha zaidi. Jua lililowafaa ni la alasiri, ambalo kwa miili yao ndilo la asubuhi. Tukawa tunawapeleka Raskazone saa tisa. Siku ya tisa adhana ya alfajiri iliwapita usingizini.

Wiki iliyofuata wakaondoka. Saa ya mwili ya watu wengi huzidi saa 24 kidogo, kwa hiyo kuirefusha siku kwa kwenda magharibi ni rahisi kuliko kuifupisha. Siku ya tano dada akaandika kwamba wote wanalala mpaka asubuhi, na kwamba safari hii alimpa mdogo ziwa tangu rubani alipotangaza kushuka.