Je, Wajua Kwa Nini Hekalu Tukufu Kuliko Yote Japani Hubomolewa Kila Baada ya Miaka 20?

Ukialikwa kwenda kuona mahali patakatifu penye historia ya zaidi ya miaka 1,300, unajua utakachokikuta: mawe yaliyoliwa na mvua, mizizi iliyopenya ukutani, kibao cha "usiguse". Sisi watu wa Gede na Kilwa Kisiwani tumezoea hivyo. Uzee wa jengo tunausoma kwenye makovu yake.

Sasa nenda Ise, mkoa wa Mie nchini Japani. Hapo ndipo lilipo hekalu la Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye ukoo wa kifalme wa Japani unamhesabu kuwa bibi yao wa kale. Kwa waumini wa Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, hakuna mahali pakubwa kuliko hapa. Lakini jengo lenyewe ni la mwaka 2013. Mtoto aliyezaliwa lilipokamilika bado anabeba begi la shule. Na jipya likishasimama mwaka 2033, hili litabomolewa, kama lilivyobomolewa lililotangulia, na lililolitangulia hilo, tangu enzi ya Malkia Jito mwaka 690.

Si kwamba liliungua, wala halikuangushwa na tetemeko. Hubomolewa kwa makusudi, na mbomoaji ndiye huyohuyo mjenzi.

Jinsi wanavyofanya

Kila hekalu kuu lina viwanja viwili vilivyo sawa, kimoja ubavuni mwa kingine. Kimoja kina nyumba, kingine ni kitupu, kimetandazwa kokoto, na katikati kuna kibanda kidogo cha mbao kinachofunika mahali pa nguzo ya moyo, nguzo ambayo haionekani na hairuhusiwi kuonekana. Muda unapokaribia, nyumba mpya hujengwa kwenye kiwanja kitupu, ikifuata ile ya zamani kipimo kwa kipimo. Zikishasimama zote mbili, mungu huhamishwa usiku, kisha ya zamani hufunguliwa ubao kwa ubao.

Usiku wenyewe ni wa kusimulia. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Oktoba 2013. Taa zilizimwa, na makuhani wakasogea gizani wakiwa wamezungusha pazia la hariri nyeupe ili yule anayehamishwa asionekane na jicho lolote. Kabla ya kutoka, kuhani mmoja huwika kama jogoo mara tatu: "Kakeko! Kakeko! Kakeko!" Wajapani husimulia kwamba Amaterasu aliwahi kununa akajifungia pangoni, dunia ikawa giza, na sauti za majogoo zikawa miongoni mwa hila za kumtoa. Kwa hiyo hata leo, akitakiwa kuhama nyumba, huwikiwa kwanza.

Ise si jengo moja. Ni mahekalu 125, makubwa na madogo, na mawili ndiyo makuu: la ndani, la Amaterasu, na la nje, la Toyouke, ambaye kazi yake ni chakula. Hapo kwa Toyouke miungu huandaliwa mlo mara mbili kwa siku, na moto wa kupikia huwashwa kwa kupekecha kijiti juu ya ubao. Kiberiti hakiingii. Hata vyombo vya mungu hutengenezwa upya kila baada ya miaka 20: nguo, panga, vioo, vifaa vya kufumia, jumla vitu 1,576 vya aina 714.

Kwa nini hasa?

Jibu jepesi ni kwamba nyumba huoza. Nguzo za Ise huchimbiwa moja kwa moja ardhini, bila msingi wa mawe, na paa huezekwa kwa nyasi. Mwenye nyumba ya makuti hahitaji kuelezwa zaidi. Maji ya ardhini hula mguu wa nguzo, mvua na kuvu hula paa, na ikipita miaka ishirini hivi nyumba inaanza kuomba msaada. (Nyasi hizo za kuezekea Wajapani wanaziita kaya. Wamijikenda wakisikia watatabasamu, maana kwao Kaya ni msitu mtakatifu. Ni sadfa tu, lakini sadfa tamu.)

Mimi jibu hilo halinitoshi, na sababu yangu iko Nara, mwendo wa saa chache kutoka Ise. Huko kuna hekalu la Kibudha la Horyu-ji, lenye majengo ya mbao ya zamani kuliko yote yanayosimama duniani. Liliungua mwaka 670 likajengwa upya, na nguzo zake zimekaa juu ya mawe, na paa lake ni la vigae. Mbao zake ni za hinoki, mti wa jamii ya misipresi, huohuo unaojenga Ise. Yaani katika kizazi kilekile cha Malkia Jito, Wajapani walikwisha kujua kujenga nyumba ya mbao ya kudumu zaidi ya miaka elfu. Walijua, na bado kwa mungu wao mkubwa wakachagua nguzo za kuchimbia na paa la nyasi. Kuoza kwa Ise hakukutokana na uchache wa maarifa.

Engishiki, mkusanyiko wa sheria na taratibu wa mwaka 927, unaagiza hekalu lijengwe upya kila miaka 20 bila kusema kwa nini. Ndiyo maana maelezo ni mengi. Wapo wanaosema mungu apaswa kukaa penye usafi, na uchakavu ni aina ya uchafu. Wana neno zuri la jambo hilo, tokowaka, yaani ujana usiokwisha. Wengine wanahesabu maisha ya fundi. Seremala anayeingia kazini akiwa na miaka ishirini huanza kwa kubeba na kunoa. Mzunguko unaofuata ana arobaini, sasa yeye ndiye anayekata na kuunga. Wa tatu unamkuta na sitini, amekaa pembeni akiwakemea vijana. Ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi anazeeka, na miaka 20 inatosha kumkuta kabla hajaondoka nao. Ungekuwa mzunguko wa miaka 60, mjukuu angeanza kwa kubahatisha.

Kama ningelazimishwa kuchagua, ningechagua hili la fundi. Ila tusilipambe kupita kiasi, maana hesabu haikai sawa. Kutoka 690 hadi 2013 ni miaka 1,323. Gawanya kwa 20 unapata 66. Ujenzi wa 2013 ulikuwa wa 62. Mingine ilikwenda wapi?

Ilipotelea vitani. Karne ya 15 Japani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mabwana wakagombana, fedha zikakauka, na kwa zaidi ya miaka 120 hekalu la ndani halikujengwa upya, mpaka mwaka 1585. Mnyororo wa mkono kwa mkono hapo ulikatika kabisa. Hakuna fundi anayeishi miaka 120. Kwa hiyo anayekuambia kwamba nyumba ya leo ni nakala isiyobadilika ya ile ya 690, msikilize kwa heshima, halafu punguza kidogo.

Mkatiko mwingine ulikuwa mfupi, lakini umeacha alama unayoweza kuikanyaga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilizuiwa kuyagharamia mahekalu ya Shinto, na ujenzi wa mwaka 1949 ukaahirishwa hadi 1953. Daraja la Uji, la mbao, lenye urefu wa mita 101.8 juu ya mto Isuzu, nalo hujengwa upya kila miaka 20. Daraja halikuahirishwa, lilijengwa 1949 vilevile. Tangu hapo limetangulia hekalu kwa miaka minne, na hakuna aliyeona haja ya kuyarudisha pamoja.

Gharama ya kuendelea hivi

Ujenzi wa 2013 ulikula takriban yen bilioni 55, sehemu yake ikiwa michango ya watu. Ulihitaji pia magogo ya hinoki zaidi ya 10,000, mengi kutoka milima ya Kiso.

Ukataji wa miti ya kwanza ulifanyika mwaka 2005 kwa ajili ya ujenzi huo, na mwaka 2025 kwa ajili ya ule ujao. Mti una umri wa miaka 300 hivi. Wanaume wamevaa nyeupe, wana mashoka, misumeno hapana. Wanachanja shina kutoka pande tatu mpaka ndani linabaki tundu, na mti unasimama kwa miguu mitatu myembamba kama chungu juu ya mafiga. Kisha mmoja anapaza sauti: "Mti mmoja unalala!" Mguu wa mwisho unakatwa, na mti unalalia upande walioutaka. Kabla ya kuondoka, huchukua kitawi cha kileleni na kukisimika katikati ya kisiki, shukrani kwa mlima.

Miti ya umri huo haiokotwi. Mwaka 1923 hekalu lilianza mpango wa miaka 200 wa kuotesha hinoki kwenye msitu wake, wenye hekta 5,500 hivi. Mwaka 2013 baadhi ya mbao zilitoka tena nyumbani, kwa mara ya kwanza baada ya karne nyingi.

Upanga mmoja miongoni mwa vile vyombo hupambwa mpini kwa manyoya ya toki, ndege wa jamii ya kwarara. Toki wa mwisho wa asili ya Japani alikufa mwaka 2003. Waliopo leo kisiwani Sado ni uzao wa ndege walioletwa kutoka China kuanzia 1999. Ukishika desturi ya kuunda upya kila kitu, umeshika pia dhamana ya ndege.

Na mbao zilizotolewa hazitupwi. Nguzo mbili kubwa zinazobeba mwamba wa paa wa kila hekalu kuu huchongwa zikawa malango ya torii kwenye ncha mbili za Daraja la Uji. Zikitumikia hapo miaka 20, huhamia Seki na Kuwana kwenye njia za kale za mahujaji, zikasimama malangoni miaka 20 mingine. Mbao nyingine hugawiwa mahekalu kote nchini. Baada ya tetemeko la Kobe la 1995, baadhi zilikwenda huko.

Kwetu Afrika Mashariki aliyewahi kukumbana na swali hili uso kwa uso ni Buganda. Makaburi ya Kasubi, Kampala, walikozikwa Makabaka wanne, yaliteketea tarehe 16 Machi 2010. Kurejesha paa lile kubwa la nyasi kulichukua zaidi ya miaka kumi, na kulitegemea wazee wa ukoo wa Ngeye, wenye jukumu la kuezeka. Miongoni mwa waliochangia fedha kupitia UNESCO ilikuwa Japani. Sishangai.

Ukifika mwenyewe

Usitarajie kuona mengi. Hekalu limezungushiwa nyua nne za mbao, na mgeni huishia kwenye lango lenye pazia jeupe. Upepo ukilipeperusha unapata kuchungulia kokoto, basi. Kamera huwekwa mfukoni kuanzia chini ya ngazi. Unanawa mikono na kusukutua kinywa, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Kwenye hekalu la ndani watu hutembea upande wa kulia wa njia, kwenye la nje upande wa kushoto.

Kwa miezi michache tu baada ya kuhama, nyumba zote mbili husimama pamoja: moja ya kijivu, paa limeota kuvu, na nyingine rangi ya asali, shaba zake zinameta. Anayetaka kuziona hivyo aanze kuweka akiba sasa. Ni vuli ya mwaka 2033, na vyumba vya wageni Ise si vingi.