Michezo ya kidijitali darasani: anayejua kosa la mtoto ni mwalimu

Dhana: Ni lazima mwalimu awe mtaalamu wa kompyuta

Maneno haya nayasikia kila mara kutoka kwa walimu wenzangu hapa Kisumu, na huniuma, maana wanaoyasema ndio hasa wenye ujuzi unaotakiwa. Chukua akisami za Gredi ya 5. Uliza nusu jumlisha robo, na kwenye madaftari utakuta 2/6: mtoto amejumlisha nambari za juu, kisha za chini. Mwingine ataandika 2/4. Mtengenezaji wa programu hajawahi kuona madaftari hayo. Wewe uliyasahihisha jana.

Mchezo wangu wa kwanza niliutengeneza kwa slaidi za PowerPoint. Picha ni ya gorogoro kama wanalopimia mahindi soko la Kibuye, na chini yake vitufe vitatu: 3/4, 2/6, 2/4. Kila kitufe nimekiunganisha na slaidi yake. Anayebonyeza 2/6 hakutani na alama nyekundu ya X. Anaona gorogoro lililojaa nusu, halafu swali: “2/6 ni sawa na theluthi moja. Umeongeza mahindi, mbona yamepungua?” Aliyechagua 2/4 anaulizwa robo aliyoimimina imeenda wapi, kwa sababu 2/4 ni nusu ileile aliyoanza nayo. Hapo ndipo kuna kazi yenyewe ya kubuni mchezo, na haihitaji msimbo hata mstari mmoja.

Jambo moja lilinisumbua. Watoto walibonyeza nje ya vitufe, slaidi ikasonga, jibu likajianika. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya mpito wa slaidi na kuondoa alama ya kusonga kwa kubofya. Ifanye kwa slaidi zote kabla hujaingia darasani.

Dhana: Bila intaneti hakuna mchezo

Slaidi hazili bando. Ukitaka kusonga mbele, Scratch, programu ya kutengenezea michezo iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka wa 2007, ni ya bure na ina toleo la kupakua linalofanya kazi bila mtandao. Lipakue mahali penye intaneti, ulibebe kwa flashi.

Dhana: Kila mtoto awe na kifaa chake

Vishikwambi vilianza kugawiwa shule za msingi za umma mwaka wa 2016, na bado walimu wengi wanasubiri vitoshe ndipo waanze. Tazameni ajua, mchezo wa bao wa Waluo, inavyochezwa: wawili wameketi kwenye ubao, lakini wote waliowazunguka wanahesabu kete na kubishana. Laptopu moja na projekta vinatosha. Nagawa darasa katika makundi ya watano, kila kundi lina kadi A, B na C za yale majibu matatu, na hakuna kadi inayoinuliwa kabla kundi halijakubaliana. Ubishi ule mdogo, wa mtoto kumweleza mwenzake kwa nini 2/6 haiwezi kuwa, ndio ninaoutafuta.

Dhana: Mchezo unapendeza, basi watoto watajifunza wenyewe

Hapa nawaomba wenzangu wawe waangalifu. Mwaka wa 2013, Pieter Wouters na wenzake wa Uholanzi walichanganua pamoja matokeo ya tafiti nyingi kuhusu michezo ya kujifunzia. Waliocheza walijifunza zaidi na kukumbuka zaidi kuliko waliofundishwa kwa njia za kawaida, lakini hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba walikuwa na hamasa zaidi. Manufaa yaliongezeka mchezo ulipoambatana na mafundisho mengine, ulipochezwa zaidi ya mara moja, na wachezaji walipokuwa katika makundi.

Kwa hiyo muziki, nyota na makofi ya kompyuta nimeviacha. Dakika kumi za mwisho nazima projekta, kila mtoto anachora gorogoro lake daftarini, anatia nusu, anaongeza robo juu yake, kisha anaandika jibu. Madaftari hayo ndiyo ninayobeba nyumbani, na makosa mapya nitakayoyakuta humo yatakuwa vitufe vya wiki ijayo.